Hataza na Miliki Bunifu kwa Kampuni Changa za Teknolojia: Mwongozo Kamili kwa Waanzilishi na Wawekezaji

Mwekezaji anapotia fedha katika kampuni changa ya teknolojia, mara nyingi hakuna ghala wala mtambo wa kushikwa kama dhamana; anachonunua ni ujuzi ulio katika vichwa vya watu wachache, katika msimbo wa programu, na katika michoro ya kifaa ambacho pengine hakijauzwa hata kimoja. Ujuzi huo huwa mali ya kampuni pale tu sheria inapoutambua hivyo, na sheria haiutambui kwa sababu tu waanzilishi wameusumbukia usiku na mchana. Kwa maoni yangu, haki nyingi hupotea kabla ya mtu yeyote kufika katika ofisi ya hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wako: ama mvumbuzi hakuwahi kuihamishia kampuni umiliki kwa maandishi, ama mtu alizungumza hadharani mapema mno. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na umiliki na usiri, halafu ndipo unapoingia katika maombi, ada na ukaguzi wa mwekezaji.

Ili maelezo yasielee hewani, tutumie mfano mmoja wa kubuni. Waanzilishi watatu wametengeneza kifaa kinachofungwa kwenye mota ya umeme, kikasoma mabadiliko madogo ya mkondo wa umeme, na kutabiri mapema kwamba beringi ya mota inaelekea kuharibika. Kifaa kina saketi yake, programu ndani yake, modeli ya akili mnemba iliyofunzwa kwa data ya mota nyingi, umbo la kupendeza na jina la biashara.

Hatua ya kwanza: Tambua ulichonacho

Kifaa hicho kimoja kinabeba haki za aina kadhaa, na kila moja ina mlango wake wa kuingilia. Njia yenyewe ya kusoma mkondo na kutambua hitilafu inaweza kulindwa kwa hataza, iwapo ni mpya, iwapo haingekuwa dhahiri kwa fundi wa kawaida wa fani hiyo, na iwapo inaweza kutumika viwandani. Vigezo hivyo vitatu vimo katika TRIPS, mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu miliki bunifu, ulioanza kutumika mwaka 1995, ambao pia unaweka muda wa ulinzi usiopungua miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha maombi.

Msimbo wa programu hulindwa kwa hakimiliki, na hakimiliki huzaliwa yenyewe msimbo unapoandikwa, bila usajili, kwa mujibu wa Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 na marekebisho yake. Lakini hakimiliki hulinda maandishi, si wazo. Mshindani akiandika upya programu yake mwenyewe inayofanya kazi ileile, bila kunakili ya kwako, hakimiliki haitamzuia. Data ya kufunzia modeli na vipimo vya kurekebisha kifaa vinaweza kubaki siri ya biashara. Umbo la kifaa linaweza kusajiliwa kama umbo la viwandani. Na jina husajiliwa kama alama ya biashara. Katika baadhi ya nchi, zikiwemo Ujerumani na China, kuna pia hati ya uvumbuzi mdogo, ambayo hutolewa haraka zaidi na hudumu kwa miaka 10.

Kuna jambo moja ambalo waanzilishi hulielewa kinyume mara kwa mara, nalo ni kwamba hataza haikupi ruhusa ya kutengeneza kitu. Hukupa haki ya kuwazuia wengine wasikitengeneze, wasikitumie na wasikiuze. Kampuni yetu inaweza kupata hataza ya njia yake ya kutabiri uharibifu wa beringi, na bado ikashindwa kuuza kifaa kwa sababu kihisi cha mkondo kilichomo ndani kinaangukia katika hataza ya kampuni nyingine ambayo bado ni hai. Maswali hayo mawili, yaani je, naweza kuwazuia wengine, na je, wengine wanaweza kunizuia mimi, huulizwa tofauti na hujibiwa kwa utafiti tofauti.

Hatua ya pili: Hakikisha kampuni ndiyo mmiliki

Sheria za hataza huanza na binadamu. Mmiliki wa kwanza kwa kawaida ni mvumbuzi mwenyewe, au mwajiri wake pale sheria au mkataba wa ajira unaposema hivyo. Kampuni iliyosajiliwa leo haimiliki kile ambacho waanzilishi walikivumbua mwaka jana jikoni kwao. Kwa hiyo waraka wa kwanza kuandikwa, kabla ya mchoro wowote wa hataza, ni hati ya uhamisho ambayo kila mwanzilishi anasaini, akihamishia kampuni uvumbuzi, msimbo, michoro na majina yote yanayohusu biashara, yaliyotangulia kuanzishwa kwa kampuni na yatakayofuata. Mara nyingi malipo ya uhamisho huo huwa ni hisa zenyewe anazopewa mwanzilishi, na huo ndio wakati mwafaka wa kusaini, kwa kuwa kila mtu bado ana hamu na hakuna aliyekasirika.

Maneno ya hati hiyo yana uzito kuliko yanavyoonekana. Katika kesi ya Chuo Kikuu cha Stanford dhidi ya Roche, mtafiti mmoja alikuwa amesaini na chuo karatasi inayosema kwamba anakubali kuhamisha uvumbuzi wake. Baadaye, alipokwenda kujifunza mbinu katika kampuni ya Cetus, ambayo biashara yake husika ilinunuliwa baadaye na Roche, akasaini karatasi nyingine inayosema kwamba anahamisha, kwa wakati uliopo. Mahakama ya rufaa iliona kwamba karatasi ya kwanza ilikuwa ahadi tu na ya pili ndiyo iliyohamisha, na mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa hoja ya chuo kwamba sheria ya utafiti unaofadhiliwa na serikali ilikipa umiliki moja kwa moja. Funzo kwa anayeandika mkataba ni jepesi: andika "ninahamisha", usiandike "nitahamisha" wala "ninakubali kuhamisha".

Wafanyakazi wa kudumu hawaleti shida kubwa mradi mkataba wa ajira una kifungu cha uhamisho, ingawa baadhi ya nchi huweka masharti ya ziada. Ujerumani, kwa mfano, ina sheria ya mwaka 1957 inayompa mfanyakazi aliyevumbua haki ya kulipwa fidia stahiki. Hatari kubwa iko kwa wakandarasi. Kijana aliyelipwa kuandika programu kwa mkataba wa miezi michache, au mbunifu aliyechora nembo, katika nchi nyingi hubaki na hakimiliki ya kazi yake hadi aihamishe kwa maandishi, hata kama amelipwa hadi senti ya mwisho. Risiti ya malipo si hati ya umiliki.

Chunguza vilevile walikotoka waanzilishi. Aliyekuwa ameajiriwa kwingine wakati wazo linazaliwa anapaswa kusoma upya mkataba wake wa zamani, kwa kuwa baadhi ya mikataba hudai kila kinachovumbuliwa katika fani ya mwajiri, hata nje ya saa za kazi. Aliyekuwa chuoni asome kanuni za chuo na masharti ya ufadhili wa utafiti wake. Umiliki wa chuo si laana, mradi umeshughulikiwa mapema: hataza ya PageRank, iliyokuwa msingi wa huduma ya utafutaji ya Google, ilimilikiwa na Stanford, nayo Google ikapewa leseni ya kipekee. Stanford ilipata hisa milioni 1.8, ikaziuza mwaka 2005 kwa dola milioni 336 hivi. Mwekezaji haogopi leseni iliyo wazi; anaogopa chuo kitakachobisha hodi siku kampuni inapouzwa.

Umiliki wa pamoja nao unavutia kwa sababu unaonekana wa haki, lakini mimi ningeukwepa kila inapowezekana. Nchini Marekani, kila mmiliki mwenza anaweza kutumia hataza na kuitolea leseni bila kuwauliza wenzake wala kugawana nao mapato, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Nchini Uingereza anaweza kuitumia mwenyewe, ila hawezi kutoa leseni bila ridhaa yao. Ni afadhali mmoja amiliki na mwingine apewe leseni pana, iliyoandikwa vizuri.

Hatua ya tatu: Tunza siri mpaka maombi yawasilishwe

Uvumbuzi uliokwisha kutangazwa hadharani si mpya tena, hata kama aliyeutangaza ni mvumbuzi mwenyewe. Marekani na Japani humpa mvumbuzi muda wa neema wa miezi 12 tangu atangaze, lakini nchi za Mkataba wa Hataza wa Ulaya hazina neema ya namna hiyo, isipokuwa pale habari ilipovuja kwa hila dhidi ya mvumbuzi au ilipoonyeshwa katika maonyesho rasmi machache ya kimataifa. Mwanzilishi anayetegemea neema ya Marekani anaweza kuwa ameiuza Ulaya nzima kwa slaidi moja.

Kutangaza si lazima kuwe kwenye jarida la kisayansi. Video ya maonyesho, tasnifu iliyowekwa maktabani, msimbo uliopakiwa mahali pa wazi, bango katika mashindano ya ubunifu, au kifaa kilichowekwa kwa mteja asiyefungwa na usiri, vyote vinaweza kuua upya wa uvumbuzi. Hata mauzo ya faragha yana hatari: katika kesi ya Helsinn dhidi ya Teva ya mwaka 2019, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mauzo kwa mtu aliyefungwa na mkataba wa siri yanaweza kuhesabika dhidi ya mvumbuzi, endapo yamefanyika zaidi ya mwaka mmoja kabla ya maombi.

Je, mwanzilishi azungumze vipi na wawekezaji, ilhali wengi wao hawasaini mkataba wa kutunza siri katika mkutano wa kwanza? Aeleze kifaa kinafanya nini, kwa usahihi wa kiasi gani, na kinamwokolea mteja nini, asieleze kinafanyaje. Katika mfano wetu, inatosha kusema kwamba kifaa hutambua uharibifu wa beringi kabla mota haijasimama. Namna mawimbi ya mkondo yanavyochujwa, na ni sehemu gani ya wimbi inayobeba dalili, yabaki ndani hadi maombi yatakapowasilishwa. Mwekezaji makini hatakwazika. Atakapofika kwenye ukaguzi wa kina, atasaini.

Hatua ya nne: Amua kati ya hataza na siri

Hataza ni mapatano: unaueleza umma uvumbuzi wako kwa ukamilifu, nao umma unakupa ulinzi wa muda. Siri ya biashara haina kikomo cha muda wala ada ya usajili, lakini hufa siku inapofichuka, na haimzuii mtu aliyegundua jambo hilohilo kwa akili yake au kwa kukifungua kifaa chako na kukichunguza. Swali la kwanza, basi, ni hili: mshindani akinunua bidhaa yako na kuifungua, ataiona mbinu? Akiiona, siri haina maana, na hataza ndiyo njia. Swali la pili huelekea upande wa pili: mshindani akiiba mbinu, wewe utajua? Mbinu inayotumika ndani ya seva za mtu mwingine, mahali ambapo hutaweza kuichungulia, ni ngumu kuilinda kwa hataza, kwa kuwa hutapata ushahidi wa kumshtaki.

Kwa kifaa chetu, mpangilio wa vihisi na njia ya kuchakata wimbi vitaonekana kwa yeyote mwenye vifaa vya maabara. Hivyo viombewe hataza. Data ya mafunzo na mbinu za kuisafisha hazionekani kutoka nje. Hizo zitunzwe kama siri. Lakini siri haitunzwi kwa kuitwa siri. TRIPS inataka taarifa iwe haijulikani kwa watu wa fani, iwe na thamani ya kibiashara kwa sababu ya kutojulikana, na mmiliki awe amechukua hatua za maana za kuilinda. Hatua hizo ni kama vile ruhusa za kufikia mafaili kutolewa kwa wanaohitaji tu, mikataba ya usiri kwa wafanyakazi, kumbukumbu za nani alifungua nini, na mazungumzo ya kuagana na anayeacha kazi. Kampuni ambayo kila mtu ana nywila ileile haina siri ya biashara mbele ya hakimu.

Programu za kompyuta zina mtihani wao. Nchini Marekani, tangu hukumu ya Alice dhidi ya CLS Bank ya mwaka 2014, wazo dhahania lililotiwa tu ndani ya kompyuta ya kawaida halipati hataza. Ulaya, Mkataba wa Hataza unaziacha nje programu za kompyuta "zenyewe kama zilivyo", ila unakubali uvumbuzi unaotatua tatizo la kiufundi kwa njia ya kiufundi. Mfano wetu una bahati hapo, kwa sababu unasoma umeme halisi na kulinda mota halisi. Programu inayopanga tu ratiba za mikutano ingepata kazi kubwa zaidi kumshawishi mkaguzi. Na kwa wanaotumia akili mnemba kubuni: Mahakama ya rufaa ya shirikisho ya Marekani mwaka 2022 na Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2023 zilisema kwamba mvumbuzi anayetajwa katika maombi lazima awe binadamu. Weka kumbukumbu za mchango wa watu wako katika uvumbuzi.

Hatua ya tano: Tafuta kabla ya kutumia fedha

Utafutaji wa awali hauhitaji wakili wala malipo. Espacenet ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, Patentscope ya WIPO (Shirika la Miliki Bunifu Duniani), na Google Patents zote ni za bure. Anza na maneno ya kawaida ya fani, kisha tazama msimbo wa uainishaji uliopewa hati mbili tatu zilizo karibu na uvumbuzi wako, na utafute upya kwa msimbo huo, kwa maana watu huita kitu kimoja kwa majina mengi lakini ofisi hukiweka katika kundi moja. Fuata pia hati za zamani zilizotajwa na mkaguzi, na hati za baadaye zilizozitaja hizo ulizopata. Usiishie kwenye hataza, kwani makala ya kisayansi ya miaka 30 iliyopita, au kitabu cha maelekezo cha mashine iliyokwisha kuachwa, huua upya sawasawa na hataza ya jana.

Kumbuka kwamba maombi mengi huchapishwa miezi 18 baada ya tarehe ya kipaumbele, yaani siku ya kuwasilisha maombi ya kwanza, kwa hiyo daima kuna dirisha la giza ambalo hakuna utafutaji unaoweza kuliona.

Hatua ya sita: Andika na uwasilishe maombi

Maombi ya hataza yana maelezo, michoro, muhtasari na madai. Madai ndiyo mpaka wa kiwanja. Maelezo ni ushahidi unaouunga mkono. Mwanzilishi hupenda kusifia kifaa chake katika maelezo, na wakati huohuo hasomi madai kwa makini, ilhali mahakamani ni madai yatakayopimwa. Kwa kawaida, mtu huingilia hataza pale tu bidhaa yake inapokuwa na kila kipengele kilichotajwa katika dai.

Tuseme dai la kwanza limeandikwa hivi: kifaa chenye kihisi cha mkondo, kichakataji, na antena ya kutuma taarifa, kinachotabiri uharibifu wa beringi. Mshindani ataondoa antena, atatuma taarifa kwa waya, na atakuwa nje ya dai. Antena haikuwa sehemu ya uvumbuzi. Iliingia kwa sababu kifaa cha kwanza kilikuwa nayo. Historia ina kisa kinachofanana: hataza ya Amazon ya kununua kwa kubofya mara moja, iliyotolewa mwaka 1999. Barnes & Noble, wauza vitabu washindani wake, walipozuiwa na mahakama mwaka huohuo, waliongeza hatua moja zaidi ya kubofya na kuendelea na biashara, na zuio lenyewe likatenguliwa mwaka 2001. Kwa kila kipengele katika dai la kwanza, muulize wakala wako: mshindani akikiondoa hiki, bado atakuwa anaiba kiini cha uvumbuzi wetu? Jibu likiwa ndiyo, kipengele hicho kishushwe kwenye madai tegemezi, yaani yale yanayojengwa juu ya dai la kwanza na kuliongezea masharti.

Kuhusu kalenda, siku ya kwanza ni siku ya kuwasilisha maombi ya kwanza, nayo huitwa tarehe ya kipaumbele. Marekani huruhusu maombi ya awali, yasiyokaguliwa na yenye ada ndogo, yanayodumu miezi 12. Ni chombo kizuri kinachotumiwa vibaya: maombi ya awali hulinda kile tu kilichoandikwa ndani yake kwa ukamilifu, na slaidi 10 za kuwavutia wawekezaji hazitoshi kumfundisha fundi kutengeneza kifaa. Kuanzia tarehe hiyo, Mkataba wa Paris wa mwaka 1883 unakupa miezi 12 ya kuwasilisha katika nchi nyingine ukihesabiwa kana kwamba uliwasilisha siku ya kwanza. Kwa alama za biashara na maumbo ni miezi 6 tu. Kabla ya kuwasilisha nje, angalia kama nchi ulikovumbulia inataka kibali kwanza, kama zinavyofanya Marekani, China na India.

Mwezi wa 12 ukifika, kampuni nyingi hutumia njia ya PCT, yaani Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza wa mwaka 1970 wenye nchi wanachama zaidi ya 150, unaosimamiwa na WIPO. Haitoi hataza ya dunia, kwa sababu kitu hicho hakipo. Inatoa ripoti ya utafutaji na muda zaidi, hadi mwezi wa 30, au wa 31 katika baadhi ya ofisi ikiwemo ya Ulaya, kabla ya kuchagua nchi au ofisi za kanda kama ile ya Ulaya, au ARIPO na OAPI za Afrika. Katika mwezi wa 18 maombi huchapishwa; ukitaka kurudi kwenye siri, yaondoe mapema kabla ya hapo. Gharama huruka ghafla mwezi wa 30, kwa kuwa kila nchi ina ada, wakala na pengine tafsiri yake. Mpango wa fedha wa kampuni lazima uitaje tarehe hiyo, na mwekezaji anayeona duru ya mtaji inaisha mwezi wa 26 ana swali la kuuliza. Chagua nchi kwa kutazama mahali wateja walipo na mahali washindani wanapotengeneza, wala si kwa fahari ya ramani.

Hataza ikishatolewa, ada za kuidumisha huendelea: Marekani hulipwa miaka 3.5, 7.5 na 11.5 baada ya kutolewa, na nchi nyingi nyingine hutoza kila mwaka. Kampuni ndogo hupata punguzo katika baadhi ya ofisi. Ya Marekani hupunguza ada nyingi kwa asilimia 60, na kwa waombaji wadogo kabisa asilimia 80.

Hatua ya saba: Jina, hataza za wengine na programu huria

Jina lipewe umakini mapema, kabla halijachapwa kwenye masanduku. Tafuta kama kuna alama inayofanana katika bidhaa au huduma za aina moja. Uainishaji wa Nice una makundi 45, na usajili hushika makundi uliyoyataja. Jina linaloeleza bidhaa moja kwa moja hulindwa kwa shida, kwa kuwa wauzaji wote wanalihitaji. Kwa nchi nyingi kwa pamoja kuna mfumo wa Madrid, na usajili wake huhuishwa kila baada ya miaka 10.

Ukaguzi wa hataza za wengine ufanyike bidhaa inapokaribia sura yake ya mwisho, na ufanyike kwa nchi mtakazouzia. Hapa husomwa madai ya hataza zilizo hai, si maelezo yake, na hupimwa kipengele kwa kipengele. Hataza iliyokwisha muda, iliyoachwa bila kulipiwa ada, au isiyokuwepo kabisa katika nchi husika haikuzuii. Ukikuta iliyo hai na inayogusa bidhaa, kuna kubadilisha muundo, kuomba leseni, au kuishambulia kwa ushahidi kwamba haikuwa mpya. Mimi huanzia kwenye kubadilisha muundo, kwa sababu ni rahisi kuliko mahakama na mara nyingine huzaa uvumbuzi mwingine.

Programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, hazina ubaya, lakini zina masharti yaliyomo katika leseni zake. Leseni ya MIT hudai kidogo sana. Ile ya Apache 2.0 hutoa pia leseni ya hataza, na leseni hiyo humkatikia anayewashtaki wengine kwa kazi hiyohiyo. Leseni ya GPL hudai kwamba anayesambaza kazi iliyojengwa juu yake atoe msimbo wake kwa masharti hayohayo, na AGPL hupeleka wajibu huo hadi kwa huduma inayotolewa kwenye mtandao. Kwa kuwa programu ya kifaa chetu husafiri ndani ya kila kifaa kinachouzwa, huko ni kusambaza. Tunza orodha ya kila maktaba iliyotumika, toleo lake na leseni yake, tangu wiki ya kwanza. Kuijenga upya baada ya miaka mitatu ni adhabu.

Hatua ya nane: Mbele ya mwekezaji

Mwekezaji asihesabu hataza kama anayehesabu mbuzi. Hataza moja yenye dai pana linaloifunika bidhaa halisi inazidi kumi zinazofunika matoleo yaliyoachwa. Aanze kwa kuomba mlolongo wa umiliki: majina ya wavumbuzi wote, hati ya uhamisho ya kila mmoja, na rejesta ya ofisi inayoonyesha kampuni kuwa mmiliki. Halafu asome dai la kwanza akiwa na bidhaa mkononi na kuuliza kama linaielezea. Aulize ni nini kilichosemwa hadharani kabla ya tarehe ya kipaumbele, na wapi. Aombe orodha ya programu huria, leseni ambazo kampuni imepewa na ilizotoa, barua za madai kutoka kwa wengine, na tarehe zote za mwisho za miezi 24 ijayo. Maombi yanayosubiri yapimwe kwa kile mkaguzi alichokwisha kuyajibu, kwani "tumeomba hataza" na "tuna hataza" ni mali mbili tofauti.

Mwanzilishi kwa upande wake aandae jalada hilo kabla hajaombwa, na asisaini kwa wepesi kifungu kinachodai kwamba bidhaa haiingilii haki ya mtu yeyote popote duniani, maana hakuna anayeweza kulijua hilo. Kauli hiyo ipunguzwe iwe ya kadiri ya ufahamu wa kampuni, na mambo yanayojulikana yaorodheshwe katika kiambatisho. Kasoro za umiliki zirekebishwe kabla ya fedha kutolewa, huku mkandarasi aliyeondoka au mwanzilishi aliyejitoa akiwa bado hana sababu ya kudai bei. Hati zikipatikana, zisajiliwe: kwa sheria ya Marekani, uhamisho wa hataza usiosajiliwa ndani ya miezi 3, au kabla ya mauzo yanayofuata, hauna nguvu dhidi ya mnunuzi wa baadaye aliyelipa thamani bila kujua habari zake.